Zaburi za Mlima Masaba: Miaka Mia Moja ya Wayahudi wa Uganda

Historia ya dini katika Uganda husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa ndugu watatu: Mprotestanti, Mkatoliki na Mwislamu. Wanafunzi hufundishwa vita vya Buganda vya mwaka 1888 hadi 1892, hufundishwa habari za mashahidi wa Namugongo, kisha daftari hufungwa. Lakini yuko ndugu wa nne ambaye hatajwi, mdogo kwa idadi, aliyezaliwa upande wa mashariki wa nchi katika vilima vilivyo chini ya Mlima Elgon, mlima ambao wenyeji wake huuita Masaba. Watu wa nyumba hiyo hujiita kwa Kiganda Abayudaya, maana yake Wayahudi. Mwaka 2019 walitimiza miaka mia moja tangu kuwako kwao, na kama ilivyo desturi yao katika kila sikukuu, ibada yao ni nyimbo. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba nyimbo hizo si pambo la ibada tu. Ndizo zilizoibeba dini yao katika miaka ambayo hawakuwa na rabi, wala gombo la Torati, wala ruhusa ya serikali, na mwanahistoria anayetaka kuwajua hana budi kuzisikiliza kama anavyosoma hati za kale.

Huku magharibi, tokea Ibanda, penye njia ya wapandao Ruwenzori, hadi Bwera iliyo karibu na mpaka wa Mpondwe, mtu akisema kwamba hafanyi kazi siku ya Jumamosi majirani zake watamwita Msabato, na mara nyingi hawatakosea. Kwamba mtu huyo aweza kuwa Myahudi, tena Mwafrika, Mganda wa kuzaliwa, ni jambo lisilowajia wengi akilini. Kwa watu wengi majina mawili, Israeli na Uganda, yalikutana mara moja tu, usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipotua Entebbe kuwakomboa mateka wa ndege ya Ufaransa. Wengine, waliosoma zaidi kidogo, hukumbuka ule uitwao Mpango wa Uganda, nao hudhani kwamba Wayahudi wa Mbale ni mabaki yake.

Afadhali kosa hilo la pili liondolewe mapema. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl na chama chake cha Wazayuni fikira ya kuwapatia Wayahudi wa Ulaya, hasa wale waliokuwa wakiuawa katika Urusi, nchi ya kukaa katika Afrika ya Mashariki. Nchi yenyewe ilikuwa nyanda za juu za Uasin Gishu, ambazo leo zimo katika Kenya. Jina la Uganda lilishikamana na mpango huo kwa sababu nyanda hizo zilikuwa katika jimbo la mashariki la Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa. Wazayuni waliojadiliana huko Basel waligawanyika vibaya, tume ikatumwa kuitazama nchi, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Wayahudi wachache kutoka Ulaya walikuja hata hivyo wakakaa Nairobi, wakaanzisha jumuiya yao mwaka 1904, na sinagogi lao la kwanza likajengwa miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hao ni wageni waliokuja na dini yao sandukuni. Wale wa Mbale hawakuletewa dini na mtu. Waliisoma.

Na aliyeisoma kwanza ni Semei Kakungulu. Alizaliwa Kooki, kusini-magharibi ya Buganda, mnamo mwaka 1869, akakulia katika mambo ya utawala wa Kabaka. Masimulizi ya Abayudaya yanasema kwamba mmisionari wa Kiprotestanti alimfundisha kusoma Biblia kwa Kiswahili. Sisi walimu wa lugha hii hatuna sababu ya kulipita jambo hilo haraka. Katika miaka ya 1880 Biblia ya Kiganda ilikuwa bado haijatoka, na vijana wa Buganda walioitwa abasomi, yaani wasomaji, walianza kujifunza kwa maandiko ya Kiswahili yaliyotoka pwani. Agano Jipya la Kiswahili lililotayarishwa na Askofu Edward Steere wa Unguja lilitoka mwaka 1883. Basi lugha iliyopanda bara na misafara ya pembe na nguo ilipanda pia na herufi. Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington akisaidiwa na Henry Wright Duta, ilikamilika mwaka 1896, na tangu hapo Mganda aliyejua kusoma aliweza kufungua kitabu cha Mwanzo au cha Mambo ya Walawi chini ya mgomba wake, bila mtu wa kumwambia aya ipi ni ya kufuata na ipi imepitwa na wakati.

Kakungulu alikuwa askari kabla ya kuwa mtu wa vitabu. Alipigana upande wa Waprotestanti katika vita vya dini, na mwezi wa Aprili 1899 alikuwamo katika kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega huko Lango. Kisha akavuka kwenda mashariki na wafuasi wake wenye bunduki, akaiteka nchi kwa faida ya Waingereza na, kama alivyotumaini, kwa faida yake mwenyewe. Alijenga ngome, akapasua barabara, akapanda migomba, akaweka machifu wa Kiganda juu ya watu ambao hawakuwa Waganda. Mji wa Mbale ulichipuka katika eneo alilopewa. Alichotaka ni ufalme. Alichopewa ni cheo cha utumishi, na hicho nacho kikapunguzwa mwaka hata mwaka. Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, mwaka 1913 akarudi Mbale akiwa mtu aliyevunjika moyo. Mwanahistoria Michael Twaddle, aliyemwandikia kitabu kizima mwaka 1993, ameonyesha jinsi mtu huyu alivyowajengea Waingereza nusu ya nchi akabaki mikono mitupu.

Wako wanaosema kwamba Kakungulu aliingia Uyahudi kwa hasira tu, kuwakomoa Waingereza. Ni kweli kwamba hasira haikukosekana. Lakini mtu mwenye hasira hahitaji kujitahiri akiwa na umri wa miaka hamsini. Kwanza alijiunga na Abamalaki, wafuasi wa Malaki Musajjakawa, walioanza mwaka 1914 na kukataa dawa zote za hospitali kwa kuwa Mungu peke yake ndiye mponyaji. Humo alizidi kusoma Agano la Kale, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona kwamba amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu haikufutwa mahali popote. Wenzake wakamwonya kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Husimuliwa kwamba alijibu kuwa, ikiwa ni hivyo, basi yeye tangu siku hiyo ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akajitenga na Abamalaki, akakaa Gangama chini ya Masaba. Huo ndio mwaka ambao Abayudaya wanauhesabu.

Msomaji asiyeijua nchi ile hawezi kuona uzito wa tendo hilo. Kwa Mganda wa zamani, kukata mwili ni aibu. Katika enzi ya Mutesa wa Kwanza tohara ilikuwa alama ya Waislamu, na Kabaka mwenyewe hakuruhusiwa kumwaga damu yake. Lakini kwa Wagisu, wenyeji wa Mbale, tohara ndiyo inayomfanya mvulana kuwa mwanamume. Ndiyo imbalu, inayofanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana akisimama mbele ya ukoo wake bila kupepesa jicho, baada ya siku nyingi za kucheza ngoma ya kadodi kijiji hadi kijiji. Sasa mtemi huyu mgeni analeta tohara ya siku ya nane, mtoto angali mchanga mikononi mwa mama yake, pasipo kadodi na pasipo kuonyesha ushujaa. Waganda waliomfuata Kakungulu walitakiwa kufanya jambo ambalo baba zao walilichukia. Wagisu waliomfuata walitakiwa kuliacha jambo ambalo baba zao walilipenda. Mvulana wa Kiyahudi wa Kigisu angefika umri wa imbalu akiwa hana cha kutoa. Kwa hiyo yeyote aliyeingia katika jumuiya hii, awe Mganda, Mgisu au Mgwere, aliacha kitu kilichokuwa chake, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pa kupimia kama dini ile ilikuwa ya kweli au ya kuigiza.

Kwa muda Uyahudi wao ulikuwa na mchanganyiko. Walishika Sabato na tohara, lakini bado walibatiza na bado walisoma Agano Jipya. Mwaka 1920 alifika kwao mfanyabiashara wa Kiyahudi ambaye wao humkumbuka kwa jina la Yosefu, akakaa nao kiasi cha miezi sita. Yeye ndiye aliyewafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja, vyakula vilivyo halali na vilivyo haramu, na kuvaa kofia wakati wa sala. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye kurasa 90 hivi, kilichokuwa mwongozo wa imani na sala. Mwezi wa Novemba 1928 alifariki dunia, akazikwa Gangama.

Hapa ndipo nyimbo zinapoingia, na hapa yafaa tukae kidogo.

Sala ya Kiyahudi kwa kawaida husaliwa kwa Kiebrania, kutoka katika kitabu maalumu cha sala, kwa lahani ambazo mtu hurithi kwa wazee wake. Watu wa Kakungulu hawakuwa na kitabu hicho, hawakukijua Kiebrania isipokuwa maneno machache, wala hawakuwa na wazee wa kuwarithisha lahani. Walichokuwa nacho ni Biblia ya Kiganda na koo zao. Basi walichukua maneno ya Biblia yenyewe, sura kwa sura, wakayaimba. Zaburi ziliimbwa. Wimbo wa Musa, ulio katika sura ya 32 ya Kumbukumbu la Torati, ulipata heshima ya pekee miongoni mwao. Kwa kuwa ziliimbwa, zilikaririwa; na kwa kuwa zilikaririwa, hata asiyejua kusoma aliweza kusali kikamilifu. Mwenye sikio la muziki akizisikiliza nyimbo za zamani za jumuiya hii atatambua mara moja mpangilio wa sauti nne uliofundishwa makanisani na Waprotestanti, sauti moja ikitangulia na nyingine zikipokea kwa namna ya nyimbo za Kiafrika. Hakuna cha kuonea haya hapo. Mtu hujenga kwa matofali yaliyopo.

Jambo lingine la kumvutia mwalimu wa lugha ni kwamba Kiganda kilikuwa lugha ya sala ya watu ambao wengi wao si Waganda. Nyumbani walisema Kigisu au Kigwere au Kisoga. Kiganda kilikuwa lugha ya chifu na ya kitabu. Kikawa kwao lugha ya Mungu, kwa njia ile ile ambayo Kilatini kilikuwa kwa Wakatoliki, huku Kiebrania, lugha yenyewe ya Torati, kikingoja nje ya mlango miaka mingi.

Baada ya Kakungulu jumuiya iligawanyika. Baadhi walirudi katika Ukristo, wengine walibaki wakiongozwa na wazee, akiwamo Samson Mugombe. Walikaa mbali na ulimwengu wa Wayahudi kiasi kwamba wao waliujua zaidi kuliko ulivyowajua. Katika miaka ya 1960 Arye Oded, Mwisraeli aliyesoma Makerere na baadaye akawa balozi katika nchi za Afrika, aliwatembelea akaandika habari zao, na matumaini yakafufuka. Hayakudumu. Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971. Mwaka 1972 akavunja uhusiano na Israeli, na Uyahudi ukapigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa au kubomolewa. Wengi walibatizwa au wakasilimu, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kuchoka, nasi hatuna haki ya kuwahukumu tuliosoma habari hizi tukiwa tumeketi salama. Kwa makadirio ya kawaida jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na watu wapatao 300.

Hao 300 walisali kwa siri majumbani mwao. Kitabu kikipatikana ndani ya nyumba huwa ushahidi, na jengo haliwezi kufichwa. Zaburi iliyo kichwani haina mahali pa kupekuliwa. Mama aliweza kuipitisha kwa mtoto wake huku akimenya ndizi. Ndiyo maana nimesema kwamba nyimbo ndizo zilizoibeba dini hii, na sidhani kwamba nimetia chumvi: dini yao ilikuwa imewekwa katika nyimbo tangu mwanzo kwa sababu ya uhaba wa vitabu, na uhaba ule ule ndio uliowafaa wakati wa dhiki.

Jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa hesabu ya kalenda ya Kiebrania, ndiyo iliyoanzisha Pasaka ya Kiyahudi, usiku ambao Wayahudi pote ulimwenguni husimulia jinsi baba zao walivyotoka katika utumwa wa Misri. Waandishi wa hadithi hukatazwa kutumia sadfa kubwa namna hiyo. Abayudaya hawakuihesabu kuwa sadfa. Nasi tukumbuke kwamba waliomng'oa Farao huyo walikuja wakisema Kiswahili, lugha ambayo Waganda wengi walikuwa wameizoea kwa vitisho vya askari wa Amin penye vizuizi vya barabarani. Historia ya Kiswahili katika Uganda ina pande mbili, na mwalimu anayeufundisha upande mmoja tu huwanyima wanafunzi wake nusu ya habari.

Uhuru wa kuabudu ulirudi, lakini waliobaki walikuwa maskini, ardhi yao imevamiwa, na wazee wanapungua. Waliowainua ni vijana. Katika miaka ya 1980 kikundi cha vijana, miongoni mwao Gershom Sizomu na ndugu yake Joab Jonadab Keki, walijikusanya katika kilima cha Nabugoye, nje ya Mbale, wakaishi na kulima pamoja, wakauita ushirika wao kibuzi kwa kuiga zile jumuiya za wakulima wa Israeli ambazo walizijua kwa kusikia tu. Walikuwa na gitaa. Walizichukua Zaburi za babu zao na maneno ya Kiebrania waliyokuwa wakijifunza wenyewe, wakatunga lahani mpya ambazo kijana wa miaka ile, aliyezoea muziki wa redioni wa Kampala na wa Kongo, angeimba bila kuona haya mbele ya wenzake. Sinagogi likajaa tena kwa ajili ya kwaya kabla ya kujaa kwa ajili ya mahubiri. Mkisoma historia ya makanisa yetu mtaona kwamba jambo hilo si geni.

Mnamo mwaka 1995 ujumbe wa chama cha Kimarekani kiitwacho Kulanu ulifika, na kuanzia hapo milango ikafunguka. Magombo ya Torati yakaletwa. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Kikonsavativu walikuja Uganda wakaendesha baraza la dini, na mamia ya watu wakapitishwa rasmi katika Uyahudi, kwa maswali na kwa kuzamishwa majini. Wengi walikubali. Wengine waliuliza, nami naona waliuliza vema, kwa nini mtu aliyezaliwa Myahudi, aliyeteswa kwa kuwa Myahudi, aambiwe sasa aingie Uyahudi. Katika kijiji cha Putti wako waliotaka kufuata njia ya Kiorthodoksi badala ya ile, hivyo jumuiya ndogo kama hiyo ikawa na madhehebu yake. Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akawekwa wakfu mwaka 2008, akarudi Nabugoye. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, kwa kura ambazo karibu zote zilikuwa za Wakristo na Waislamu.

Wakati huo nyimbo zilikuwa zimekwisha safiri. Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, alizirekodi, na mwaka 2003 shirika la Smithsonian Folkways likatoa santuri yenye muziki wa Abayudaya, ambayo iliteuliwa kushindania tuzo ya Grammy. Humo zimo sala za Kiebrania kwa lahani za Nabugoye, Zaburi za Kiganda za wazee, na nyimbo za kubembelezea watoto. Sauti zilizokuwa zimebanwa majumbani zamani za Amin zikawekwa katika hifadhi ya taifa la Marekani.

Tukirudi sasa kwenye miaka mia, msomaji aweza kuuliza ni kitu gani hasa kilichotimiza umri huo. Si jengo. Sinagogi kubwa la Nabugoye, liitwalo Stern, lilifunguliwa mwaka 2016, na lile lililotangulia, la Musa, halikuwa na karne moja. Nairobi wanaweza kuonyesha jiwe la msingi. Mbale hawana jiwe la namna hiyo. Si ukoo pia, kwa kuwa Abayudaya, tofauti na Walemba wa Zimbabwe na Afrika ya Kusini au Wafalasha wa Ethiopia, hawadai kwamba babu yao alitoka Yerusalemu. Wanahesabu tangu siku mtu mmoja alipokubali kwamba alichokisoma kinamhusu. Sijui jumuiya nyingi za dini zinazothubutu kuweka mwanzo wao waziwazi namna hiyo, ndani ya kumbukumbu za watu, bila kuusogeza nyuma katika ukungu wa zama.

Uwazi huo umewagharimu. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi la Israeli liliwakubali kuwa jumuiya ya Kiyahudi. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo hiyo ilisema haiwatambui kwa ajili ya sheria inayowapa Wayahudi wote haki ya kuhamia Israeli. Afisa aliye mezani anataka hati: nani alimwingiza nani, mwaka gani, mbele ya baraza gani. Hati za aina hiyo, kwa watu wa Nabugoye, zinaanza mwaka 2002. Miaka 83 iliyotangulia imo katika makaburi ya Gangama na katika nyimbo, na sheria haijui kusikiliza nyimbo. Wako kati yao wanaotamani kwenda Israeli, na wako wasiotaka kuondoka chini ya Masaba hata wakipewa tikiti. Lakini kukataliwa na mtu ambaye hataki kukusikiliza kunauma hata kama hukuwa na nia ya kuhama.

Labda ndiyo sababu majirani wa Kiafrika wamekuwa na nafasi kubwa zaidi katika maisha yao kuliko wanavyodhani wageni. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, karibu na yale maghorofa mawili yalipoangushwa. Alirudi Mbale na wazo kwamba watu wa dini mbalimbali wanaolima zao moja wanaweza kuliuza pamoja. Mwaka 2004 aliwakusanya wakulima wa kahawa, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, wakaanzisha ushirika walioupa jina la Kiganda Mirembe Kawomera, tuseme amani iliyo tamu. Wakulima hao nao walitunga nyimbo za kufundishana kuchuma kahawa iliyoiva na kuishi bila kugombana, na mwaka 2013 Smithsonian Folkways ikazitoa pia. Katika shule mbili za jumuiya, ya msingi iitwayo Hadassah na ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, watoto wa Kikristo na wa Kiislamu hukaa dawati moja na wa Kiyahudi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, shule kama hizo zinatazamiwa kukipa nafasi katika ratiba. Lugha aliyoanza nayo Kakungulu kusoma itakuwa imerudi kwa njia ya mlango wa mbele.

Ibada ya Ijumaa jioni katika Nabugoye huanza kwa nyimbo za kuikaribisha Sabato. Mmojawapo ni Lekha Dodi, shairi la Kiebrania lililotungwa na Shlomo Alkabetz huko Safed katika karne ya 16, ambalo huimbwa na Wayahudi wa kila nchi, kila nchi kwa lahani yake. Vijana wa kibuzi waliupa wimbo huo lahani ya kwao. Wageni waliokuja kutoka Marekani kuwafundisha Abayudaya namna ya kusali waliisikia, wakaipenda, wakarudi nayo. Na leo yako masinagogi ya Kimarekani ambamo Sabato hukaribishwa kwa sauti iliyotungwa chini ya Mlima Masaba.